Taa ya Breki Imewaka Baada ya Kubadilisha Giaboksi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu ametoka kufungiwa giaboksi ya eksi-Japan (iliyotumika, kutoka Japan), gari inaingiza gia vizuri kabisa, alafu kwa dashibodi kuna taa nyekundu imekataa kuzima. Haya ndio maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa watu wa Nakuru, Kisumu, Kakamega hadi Busia. Mifano mingi ni ya Toyota, Nissan na Subaru ju ndizo zimejaa hizi barabara zetu, lakini kama uko na gari ingine mambo mengi ni yale yale.

Kwani giaboksi na breki zinahusiana aje?

Giaboksi yenyewe haina kazi na breki. Shida ni kwamba kwa gari inayovuta na magurudumu ya mbele huwezi toa giaboksi bila kupitia kwa breki. Fundi anatoa betri na kiti chake, anafungua magurudumu ya mbele, mara nyingi anatoa kalipa (ile inabana breki pedi) ndio habu, kile kitovu cha gurudumu, iachilie shafti, anafungua sensa ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasishike) ama anaiacha hapo ivutike, anang'oa ile plastiki ya katikati ya viti ndio afikie kebo ya gia, anafungua waya ya ati (earth) iliyofungwa kwa giaboksi, na kama ni manyuali anafungua pia paipu ya klachi. Kila moja ya hizo sehemu inaeza kukuwashia taa. Kwa hivyo ukirudi gereji usianze kwa kuuliza kama ABS imekufa, uliza walifungua nini na nini, alafu mpitie sehemu moja moja. Gari ikiingia taa ikiwa imezima na itoke ikiwa imewaka, anzia pale spana ilipita.

Taa tunaongelea ni gani hasa?

Ni ile nyekundu, mduara wenye alama ya mshangao ama herufi P, ama imeandikwa tu BRAKE. Kwa gari nyingi hii taa moja inafanya kazi tatu: inakuambia hendibreki imevutwa, inakuambia fluidi ya breki imeshuka kwa kichupa, na kwa gari yenye ABS inakuambia ile sehemu ya kompyuta inayogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma, wanaita EBD, imezima. Taa haitakuambia ni gani kati ya hizo tatu, hio kazi ni yako.

Taa ya ABS ni ya manjano na ni kitu tofauti. Ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado ziko, kile umepoteza ni ile kazi ya kuzuia magurudumu yasishike na kuteleza.

Ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, zote zinafaa kuwaka kidogo alafu zizime. Kama ya breki haiwaki ata kidogo hio saa, angalia vizuri, pengine kuna mtu ameitoa balbu.

Naeza endelea kuendesha nikitafuta pesa ya fundi?

Inategemea mguu wako unasikia nini. Pedo ikiwa laini, ama inashuka polepole ukiikanyagia, ama inaenda chini kuliko zamani, simamisha gari hapo hapo na uite breakdown. Hakuna kujadiliana. Pedo ikiwa ngumu na imara, fluidi iko kati ya MIN na MAX, hakuna gurudumu lililo na unyevu kwa ndani, basi unaeza kuipeleka pole pole hadi gereji, si ati uende nayo shagz weekend alafu urudi.

Na usijaribu kushuka nayo Sachangwan hadi Salgaa, ama Riat kuja Mamboleo, na hio taa nyekundu. Wenye wanatumia hio barabara ya Mau Summit wanajua lori ngapi zimemaliza breki pale, na wengine bado wanateremka na nyutro ati wanaokoa mafuta. Kama lazima ushuke mlima na otomatiki yoyote, ata ile haina taa, weka L, S ama B kulingana na gari yako, injini ishike gari ndio breki zisipate moto bure. Tena giaboksi ikiwa ni ngeni kwako, jifunze kwanza hizo gia za chini zinafanya aje mahali pa flat.

Nianzie wapi mwenyewe kabla sijarudi kwa fundi?

Anza na hendibreki, ju ndio inashinda zingine zote kwa hii kazi, na ndio watu wanaruka kwa sababu inaonekana rahisi sana. Chini ya mkono wa hendibreki kuna kaswichi kadogo, kana ulimi wa chuma ama kapini kanasukumwa na mkono ukishuka hadi mwisho. Mkono ukiwa chini kabisa, kapini kanabonyezwa na saketi inakatika, taa inazima. Mkono ukivutwa, kapini kanaachiliwa, waya inagusa ati, taa inawaka. Sasa fundi ametoa ile plastiki ya katikati akitafuta kebo ya gia, akairudisha haraka jioni. Kile utapata hapo ni moja ya haya: ka bracket ka swichi kamepinda milimita chache kwa hivyo kapini hakabonyezwi, waya imebanwa kati ya plastiki na chuma ikachubuka ikagusa bodi, ama kebo ya hendibreki yenyewe imefungwa ikiwa imekazwa sana na mkono haurudi hadi chini. Washa swichi, inua mkono kidogo, usukume chini kwa nguvu huku ukiangalia taa. Ikipepesa, umeshapata mwizi wako.

Kama haipepesi, fanya hii ya kuchomoa plagi mbili. Chomoa waya ya swichi ya hendibreki. Taa imezima? Shida iko hapo kwa swichi ama kwa mkono. Bado imewaka? Fungua boneti, chomoa plagi ndogo iliyo kwa kichupa cha fluidi ya breki. Ikizima hapo, fluidi iko chini ama sensa ya kichupa imeharibika. Ukiwa umechomoa zote mbili na taa bado inakuangalia tu, basi ni ABS na EBD, ama kuna waya mahali imechubuka na inagusa chuma. Hii haitaki mashine yoyote, inataka tochi na spana ya kufungua plastiki, na itakuokolea pesa ya kununua kitu hukuhitaji. Gari chache za Ulaya zinachukulia plagi iliyochomolewa kama shida yenyewe, kwa hizo ni lazima skana (mashine ya kusoma kompyuta ya gari).

Fluidi imeshuka kidogo tu, si nijaze nimalize?

Unaeza jaza, lakini kwanza jiulize imeenda wapi, ju fluidi ya breki hailiwi na gari kama mafuta. Kuna sababu mbili za kawaida. Ya kwanza ni breki pedi kuisha: pedi zikikonda, pistoni za kalipa zinatoka nje zaidi na fluidi inashuka kufuata hio nafasi, hio si kuvuja. Ukijaza hadi MAX leo na uweke pedi mpya wiki ijayo, pistoni zikirudishwa ndani fluidi itamwagika ndani ya boneti na kutoa rangi. Ya pili ni kuvuja kweli. Wakati wa kutoa shafti kuna mafundi wanaacha kalipa ikining'inia na hosi ya breki badala ya kuifunga na waya kwa springi, na hosi ya zamani inapasuka ndani ama inapinduka ikifungwa. Angalia upande wa ndani wa magurudumu ya mbele yote mawili.

Ukipata matone chini ya gari na hujui kama ni ya breki ama ni ya giaboksi mpya, chukua tone moja uweke kwa glasi ya maji. Fluidi ya breki inachanganyika na maji na kupotea. Oili ya giaboksi inaelea juu. Na mara nyingi ya giaboksi ni nyekundu, ya breki ni ya manjano hafifu ama kahawia ikizeeka.

Ile unanunua iangalie kwa kifuniko cha kichupa, imeandikwa DOT 3 ama DOT 4. Zote mbili zinavuta unyevu wa hewa. DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishalowa maji inashuka hadi kama 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa imelowa. Ndio maana usikubali ujaziwe kutoka kwa mkebe uliokaa wazi kwa benchi ya gereji tangu msimu wa mvua uliopita, utasikia pedo iko sawa mjini Kisumu, alafu uko katikati ya mteremko mrefu inaenda hadi kwa kapeti. DOT 5 ya silikoni usichanganye na hizi.

Taa inawaka nikipanda Riat, nikifika juu kwa flat inazima. Ni nini hii?

Fluidi iko karibu na alama ya chini. Ndani ya kichupa kuna boya lenye sumaku, gari ikiinama fluidi inahamia upande mmoja na boya linashuka. Hata kona kali ama raundi inaeza kuiwasha sekunde mbili tatu. Rudi kwa jibu la juu, angalia pedi kwanza.

Kijana wa gereji alijaza ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) kwa kichupa cha breki, ati zote ni fluidi.

Usiwashe hio gari. Hii inatokea zaidi kwa kazi ya giaboksi kuliko kazi ingine yoyote, ju galoni ya ATF iko hapo karibu na imefunguliwa. Oili ya aina yoyote, ya giaboksi, ya injini ama ya stering, inafurisha raba za breki. Raba ya ndani ya kifuniko cha kichupa ndio itakuonyesha mapema, inavimba na kukataa kurudi mahali pake. Kama imeingia sasa hivi na hakuna mtu amekanyaga pedo, kuna uwezekano wa kunyonya yote na kuosha kichupa. Kama gari imeendeshwa, jitayarishe kubadilisha raba za masta silinda (pampu kuu ya breki), za kalipa, za silinda za nyuma na hosi, na kama iko na ABS hio hesabu inakua mbaya zaidi. Na aliyejaza ndiye anafaa kugharamia, hio si ya kuongea sana.

Nilitoa otomatiki nikaweka manyuali. Taa haikuwa hapo mbeleni.

Kwa gari nyingi za manyuali, klachi inakunywa kutoka kwa kichupa kile kile cha breki kupitia kahosi kadogo ubavuni. Sasa fundi amefunga masta ya klachi, akatoa hewa, fluidi ikaingia kwa paipu tupu za klachi, kichupa kikashuka. Hapo kujaza ni sawa kabisa, lakini angalia kila asubuhi kwa muda. Ikiendelea kushuka, klachi inavuja, na mara nyingi inavuja kwa ndani juu ya mguu wa dereva ama pale kwa silinda ya chini kwa giaboksi. Kama hukuwekewa kichupa chenye tundu la klachi na fundi amebuni yake ya kutoboa, hio mimi singekubali.

Kuna pia pedo. Otomatiki iko na pedo pana ya breki, wakibadilisha wanaweka ingine na kaswichi ka taa za nyuma kanahama kidogo. Hio haiwashi taa nyekundu kawaida, lakini inaeza kuacha taa za breki za nyuma zikiwaka mchana kutwa.

Nyekundu na ile ya ABS zimewaka pamoja. Hii ndio ABS imekufa?

Hapo ndio watu wa Kibuye na Nakuru huambiwa wanunue ABS nzima, na mara nyingi haijakufa. Taa mbili pamoja inamaanisha kompyuta ya ABS imekosa kitu na imezima EBD pia. Bila EBD magurudumu ya nyuma yanaeza kushika mapema ukikanyaga kwa nguvu, kwa hivyo barabara ya Kericho ikiwa na mvua, polepole.

Angalia shafti kwanza. Kwa Toyota nyingi za miaka ya 2000 kama Vitz na Corolla, ule mkono wa nje wa shafti, yaani jointi ya CV, umevaa pete ya chuma yenye meno, 48 kwa nyingi za hizo. Sensa iko hapo karibu inahesabu meno yakipita. Dukani jointi zinauzwa za aina mbili, ya ABS na ya bila ABS, na zinafanana kila kitu isipokuwa hio pete. Kama fundi alipata shafti imekwisha akaweka ingine ya bila ABS, gari itaenda vizuri na taa itawaka mara tu ukianza kusonga. Lala chini na tochi, zungusha gurudumu, utaona kama kuna meno ama chuma laini tu. Pete pia inaeza kuwa imepigwa nyundo wakati shafti inagongwa kutoka kwa habu, meno mawili yamelala, ama imepasuka kamstari kembamba kasikoonekana haraka. Na ncha ya sensa, ju ina sumaku, inavuta unga wa chuma: ukiitoa utaona kama ndevu nyeusi zimeshikana na grisi, pangusa na kitambaa.

Gari mpya zaidi hazina meno, pete ya sumaku iko ndani ya beringi upande mmoja, na ukifunga beringi imegeuka sensa haioni kitu. Ukiwa na mita, ile sensa ya zamani ya waya mbili kwa kawaida inasoma kati ya ohm mia kadhaa na elfu mbili hivi, linganisha kulia na kushoto. Ile ya kisasa usiipime na ohm.

Kama sensa zote ziko sawa, rudi kwa ile waya ya ati ya giaboksi na plagi kubwa ya ABS karibu na betri. Ati iliyosahaulika inaleta mambo ya ajabu kwa kompyuta kadhaa kwa wakati mmoja.

Naeza soma kodi za ABS (namba za shida zilizowekwa na kompyuta) bila mashine?

Kwa Toyota nyingi ndio. Chini ya stering kuna soketi ya pini 16. Unaunganisha pini ya 4 na ya 13 na kipande cha waya, unawasha swichi bila kupiga injini, taa ya ABS inaanza kupepesa. Ikipepesa haraka bila kupumzika, hakuna kodi. Ikipepesa mara tatu, ipumzike, alafu mara moja, hio ni 31, gurudumu la mbele kulia. 32 ni mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. 41 ni nguvu ya betri iko chini, na baada ya betri kukaa nje siku mbili hio si ajabu. Hesabu pini vizuri kabisa, ya 16 ni moto wa betri na ukiigusisha na ati utachoma fyuzi ama kitu cha bei.

Ukishatengeneza, waya ikiwa bado hapo na swichi imewashwa, kanyaga pedo ya breki mara 8 ama zaidi ndani ya sekunde 5 na kodi zinafutika kwa nyingi ya hizo gari.

Kamashine ka bluetooth kanasema hakuna kodi, lakini taa iko.

Ka bei rahisi kanasoma injini peke yake, kodi za P. Za breki zinaanza na C na ziko kwa kompyuta ingine. Tafuta fundi wa umeme mwenye skana inayofungua ABS. Akikuonyesha U0101, kompyuta ya giaboksi haiongei na zingine, U0121 ni ABS ndio haiongei. U0101 baada ya kubadilisha giaboksi ni plagi haijaingia vizuri, ati, ama giaboksi iliyokuja na kompyuta yake isiyoelewana na gari yako.

Ya breki na ya betri zimewaka pamoja.

Oltaneta haichaji. Kwa Toyota na Nissan nyingi za zamani taa hizo mbili zinashika mkono. Angalia plagi ya oltaneta na mkanda, usiguse breki kwanza.

Subaru yangu imewaka kila kitu, breki, VDC (ile ya kuzuia gari isiteleze), cruise inapepesa.

Subaru ni hivyo, check engine ikiwaka kwa sababu yoyote, zingine zinafuata. Soma kodi ya injini kwanza. Lakini kwa Subaru kuna kitu kikubwa kuliko taa: hakikisha hesabu ya difu (uwiano wa meno ya gia zake) ya giaboksi mpya ni sawa na ya difu ya nyuma. Ya 4.111 mbele na 4.444 nyuma zitapigana hadi kitu kivunjike, na ukikata kona kali utasikia gari inashikika.

Na kama ni haibridi, ama hendibreki ni ya kubonyeza?

Haibridi kama Aqua na Fielder ya haibridi, breki zake zinaendeshwa na kompyuta na pampu yenye presha. Usifungue paipu na usitoe hewa kwa njia ya kukanyaga pedo na kuhesabu, inataka skana. Hendibreki ya kubonyeza, baada ya betri kutolewa inaeza kupoteza kumbukumbu, kwa gari nyingi ukikanyaga breki na kuvuta kaswichi hadi mwisho alafu kuachilia, inajipanga. Isipojipanga, skana.

Fundi anasema ni taa tu, atoe balbu niendelee na kazi.

Mwambie akuandikie hio kwa risiti na asaini. Matatu na teksi lazima zipite inspection ya NTSA (mamlaka ya usalama barabarani), na taa isiyowaka kabisa swichi ikiwashwa inaonekana haraka. Na ukikosa hio taa, siku hosi itapasuka hutajua chochote hadi mguu uguse sakafu.

Nimeambiwa ninunue ABS yuniti. Ninunue?

Kabla hujatoa pesa, omba kuona kodi kwa skana na macho yako. Kodi ikisema sensa, yuniti si ya kununua. Kodi ikisema mota ya pampu ama valvu za ndani, angalia fyuzi kubwa za ABS na ati yake kwanza, ju ziko karibu na betri na betri ilitolewa. Hizo zikiwa sawa na kodi inarudi, sasa hapo unaeza anza kuulizia ya mkono wa pili, yenye namba ile ile kwa stika.

Taa imezima. Nijaribie wapi?

Injini ikiwa imezima, kanyaga pedo mara kadhaa hadi iwe ngumu, ishikilie, alafu piga stata. Inafaa kushuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, angalia hosi ya vakyumu ya busta (ile inasaidia mguu kukanyaga breki), huwa inaachwa nje wakati wa kurudisha boksi ya hewa. Alafu tafuta barabara ya flat isiyo na watu, kama zile za ndani za Industrial Area jioni, simama kwa mwendo wa 20, alafu 40, mikono ikiwa imeshika stering kidogo tu uone kama inavuta upande. Geuza stering hadi mwisho pande zote mbili ukiwa pole pole, ju waya ya sensa iliyofungwa fupi inavutika hapo ndio taa inarudi. Ukimaliza, inama uangalie magurudumu kwa ndani tena na tochi, na fungua boneti uone fluidi iko pale pale ulipoiacha.